Jua Halisafishi Dhuluma



Habari njema imetufikia kutoka maabara za wanasayansi: upo unga laini ambao, ukitiwa katika maji machafu ya rangi za nguo na kuwekwa juani, huzivunja rangi hizo hata maji yakatakata. Habari hiyo ni ya kweli. Mwaka 1972 Wajapani Fujishima na Honda walionyesha kwamba titani dayoksaidi ikipigwa na mwanga huweza kuyatenganisha maji. Leo chembe zake ndogo mno, zikipata miale ya jua isiyoonekana kwa macho, huzaa ndani ya maji nguvu kali inayoikata rangi vipande vipande. Twaisifu elimu hiyo. Tunachokipinga ni kuigeuza kisingizio.

Kwa maana wapo wasemao: “Tusubiri teknolojia.” Wakati wa kusubiri, nani anywaye? Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, latupa jibu. Kwa miaka mingi maji ya viwanda, vya nguo vikiwemo, yaliingia katika mto ule, na maskini wakalima mchicha kandokando yake. Je, ni elimu iliyokosekana? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yatamka kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Kilichopungua ni dhamiri na uthubutu.

Tena unga huo una mipaka yake. Miale inayouamsha haifiki hata sehemu moja katika kumi ya mwanga wa jua. Maji yaliyokolea rangi huizuia isipenye; nasi wa Rungwe twaujua ukungu wetu na mvua yetu. Unga wenyewe sharti ukusanywe, usichukuliwe na maji hadi mtoni. Na kazi ikikatizwa njiani, rangi hutoweka machoni, huku vipande vyake, pengine vyenye sumu, vikibaki. Maji meupe si lazima yawe maji salama.

Mtauliza: haya yatuhusu nini sisi watu wa chai na ndizi? Yatuhusu. Vitenge na khanga tuvaavyo vilitiwa rangi mahali fulani, kando ya mto wa mtu fulani. Na vikundi vyetu vya batiki hutumia rangi na kostiki, kisha maji hayo humwagwa. Mito ya Kiwira na Mbaka hushuka Kyela hadi Ziwa Nyasa. Tukimwaga huku juu, ndugu zetu huteka kule chini.

Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si’, alifundisha kwamba maji safi na salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu. Kwa sababu hiyo twadai mambo matatu.

Mosi, mwenye kiwanda asafishe maji ndani ya uzio wake na kwa gharama yake, kwa njia zilizopo sasa.

Pili, wenye mamlaka wapime maji hayo na kuwatangazia wananchi matokeo. Wasimwandame mama wa batiki mwenye ndoo mbili huku wakimvumilia tajiri mwenye bomba.

Tatu, jumuiya ndogondogo zitembelee vijito vyake, na vikundi vya batiki visimwage maji ya rangi karibu na chemchemi.

Jua ni zawadi ya Mungu, nalo huwaka bure. Kusafisha ulichokichafua ni deni lako.