Marangu tukale, mbege tuwaachie wakubwa

Tunaendelea na zile posti za kutoka na watoto, na wengi mmeniuliza kuhusu Marangu. Nendeni jamani! Hoteli za zamani za kule mlimani tumewaachia wazungu wanaopanda Kilimanjaro, utadhani kula mchana bustanini kunahitaji pasipoti. Marangu Hotel, kwa mfano, ilianza kama nyumba ya shamba la kahawa mwanzoni mwa karne iliyopita. Si lazima ulale. Piga simu kabla, uliza chakula cha mchana na bei, beba masweta. Mawingu yakifunguka mtoto aione Kibo, mita 5,895, akuulize maswali mpaka uchoke.

Shida yangu mimi ni kikombe.

Ukifika Marangu hukosi kukaribishwa mbege. Ni pombe yenye heshima yake: ndizi mbivu zinachemshwa, zinachanganywa na kimea cha ulezi, uchungu unatoka kwenye gome la msesewe, na inanywewa kwa kata. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni ile "mwonjeshe kidogo mtoto, apate joto, alale". Inasemwa kwa upendo, na babu au shangazi, ndiyo maana kuikataa ni kazi.

Joto lenyewe ni la uongo. Pombe inatanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, mtu anajisikia moto kumbe joto la mwili ndiyo linatoka. Kubwa zaidi ni sukari. Ini la mtoto lina akiba ndogo ya sukari, na pombe inalizuia kutengeneza nyingine. Mtoto ambaye hajala vizuri, pengine alitapika njiani kwa zile kona, sukari yake inaweza kushuka mpaka akapata degedege. Na ninyi hapo mezani mnasema "amelala, imemkubali".

Kwa hiyo mtoto aliyeonjeshwa akawa mlegevu, anatoka jasho la baridi au haamki vizuri, ni hospitali, tena haraka. Kama yuko macho na anameza, mpe kitu cha sukari mkiwa njiani. Kama haamki, usimwekee chochote mdomoni.

Na wewe unayenyonyesha? Nasikia sana kwamba mbege inaleta maziwa. Ulezi sikatai, ni chakula. Ila pombe iliyo kwenye damu yako inaingia kwenye maziwa, na inayafanya yatoke kwa shida. Tena mbege ya kupikwa nyumbani nani anajua ukali wake? Mjamzito ndiyo kabisa, hakuna kiasi tunachoweza kumwambia ni salama.

Halafu Wachagga wenyewe wana jibu zuri kuliko langu: mtori. Ndizi na nyama, chakula cha mzazi toka enzi. Ukipiga simu hotelini ulizia kama wanapika. Hata mtoto aliyepita miezi sita anakula, omba tu wake utolewe kabla ya chumvi na pilipili.

Wakati wa kukataa kata mimi husema, "Babu asante, ya huyu mpe baba yake." Wazee wanacheka, yanaisha. Ila hakikisha baba yake siye anayeendesha gari kurudi Moshi.