Barua za Uzeeni za Viongozi Wastaafu na Haki ya Umma wa Mpakani

Katika sheria na desturi za utawala nchini Tanzania, waraka wa serikali hutambuliwa kwa ofisi iliyouandika. Barua inayotoka Ikulu, wizarani au kwa mkuu wa mkoa hupewa namba ya kumbukumbu, hupitia masjala, yaani ofisi inayosajili barua na kutunza majalada, na hatimaye huwa chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, ambayo kwa kawaida huruhusu watafiti kusoma kumbukumbu za umma baada ya miaka 30. Utaratibu huo humfaa kiongozi aliye madarakani, lakini humwacha nje kiongozi mstaafu, kwa kuwa tangu siku anapokabidhi ofisi barua zake huhesabiwa kuwa za mtu binafsi, hata kama anayeandikiwa ni rais wa nchi na jambo linaloandikwa linagusa maisha ya mamilioni. Swali linalostahili kupimwa, basi, ni kama barua hizo za uzeeni ni mali ya familia peke yake au ni sehemu ya kumbukumbu za taifa.

Kwa wakazi wa Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, swali hilo lina uzito wa pekee. Mji wa Tunduma, unaotazamana na Nakonde ya Zambia, unaendeshwa kwa sehemu kubwa na matokeo ya maelewano ya Julius Nyerere na Kenneth Kaunda, marais wa Tanzania na Zambia wakati huo, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965 na kuiweka mashakani njia ya Zambia ya kusini. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita zipatazo 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA ya kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba, iliufikia mpaka hapo Tunduma Agosti 1973 na kukabidhiwa kwa serikali hizo mbili mwaka 1976. Leo foleni ya malori inayongoja zamu katika kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019, wabadilisha fedha wanaotembea na mabunda ya kwacha na shilingi, mawakala wa forodha na mama lishe wanaowapikia madereva, wote wanaishi ndani ya uamuzi uliojadiliwa na marafiki wawili kabla wengi wao hawajazaliwa.

Urafiki huo haukukoma kwa kustaafu. Nyerere aliacha urais Novemba 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990, lakini kati ya 1987 na 1990 aliongoza Tume ya Kusini, iliyochunguza matatizo ya nchi zinazoendelea, na tangu 1996 hadi kifo chake tarehe 14 Oktoba 1999 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Kaunda alishindwa uchaguzi Oktoba 1991, na alipokamatwa Desemba 1997, kufuatia jaribio la mapinduzi la miezi miwili kabla, Nyerere alikwenda Zambia kumwona gerezani, na kabla ya mwaka kwisha mwenzake alihamishiwa kifungo cha nyumbani. Katika tukio hilo hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na cheo serikalini, ingawa jambo lenyewe lilihusu utulivu wa nchi jirani. Kwa vigezo vya sasa, barua yoyote ambayo mstaafu angeiandika kwa shughuli ya namna hiyo ingehesabiwa sawa na salamu za Krismasi.

Wanaotetea faragha ya wastaafu wana hoja nzito. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, na mzee huandika pia kuhusu maradhi, imani, madeni na ugomvi wa nyumbani, mambo ambayo umma hauna haki nayo. Isitoshe, anayejua kwamba barua zake zitafunguliwa huenda akaandika kwa tahadhari, au akaacha kabisa kuandika na kumaliza kila jambo kwa simu. Hoja hizo zinatosha kukataa pendekezo la kutwaa makasha yote ya mstaafu kwa nguvu ya sheria.

Hata hivyo, hazitoshi kuhalalisha ukimya uliopo. Ibara ya 18 inampa raia haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii, na sheria ya mwaka 1999 ya mafao ya viongozi wa kisiasa inamhudumia rais mstaafu kwa fedha za hazina. Zaidi ya hayo, ushawishi wa mstaafu ni mamlaka yasiyo na ofisi: hayahojiwi bungeni, hayakaguliwi, wala hayaachi muhtasari wa kikao, hivyo barua huwa karibu ushahidi pekee wa namna yalivyotumika. Kitabu cha Nyerere cha *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, kilichochapishwa Harare mwaka 1994, kinaeleza mvutano wake na viongozi waliokuwa madarakani juu ya hoja ya kuunda Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, lakini kinaeleza kwa sauti ya upande mmoja. Msomaji anayetaka kupima haki ya kila upande anahitaji pia walichojibu wenzake.

Ipo mifano ya kujifunza. Uingereza ilichelewa kutenganisha nyaraka za umma na za binafsi katika makasha ya Winston Churchill, na mwaka 1995 ikalazimika kutoa pauni milioni 12.5 ili makasha hayo yabaki mikononi mwa taifa. Nchini Tanzania, kumbukumbu za kidijitali za Salim Ahmed Salim, Waziri Mkuu wa zamani, zilizozinduliwa mwaka 2023, zimeonyesha kwamba familia inaweza kushirikisha umma kwa hiari yake, ingawa hiari hiyo haiwezi kutarajiwa kwa kila mstaafu.

Kipimo cha haki, kwa hiyo, kiwe jambo linaloandikwa badala ya cheo cha mwandishi. Barua zinazohusu mambo ya nchi zikabidhiwe kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na kufungwa kwa muda unaojulikana. Za nyumbani zibaki kwa familia. Na zilizochanganya mambo zipitiwe na jopo lenye mwakilishi wa familia. Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa ya mwaka 2004 imewalenga Nyerere na Abeid Karume, hivyo waliofuata wanahitaji utaratibu wao. Tena, kwa kuwa karatasi ya barua humilikiwa na aliyeipokea wakati maneno yake hubaki kuwa ya aliyeandika, barua iliyotoka Butiama, kijijini kwa Nyerere, kwenda Lusaka iko Zambia, na Butiama imebaki nakala ya kaboni inayofifia huku pini yake ikishika kutu. Bila mapatano ya nchi hizo mbili ya kubadilishana nakala, hakuna upande utakaosoma mazungumzo kamili. Nyaraka za chama cha UNIP cha Kaunda zimekwisha kupigwa picha za kidijitali, na nakala za namna hiyo zikiwekwa Vwawa, makao makuu ya mkoa, mwanafunzi wa Mbozi au Momba hatalazimika kwenda Dar es Salaam kusoma historia ya mji wake.

Wakati mwafaka wa kukubaliana ni siku mstaafu anapoanza kupokea mafao, akiwa hai na mwenye uwezo wa kusema mwenyewe kipi ni chake na kipi ni cha nchi. Kungoja mazishi ni kuwaachia warithi, mchwa na wanunuzi wa mnada uamuzi ambao ulipaswa kuwa wake.