BATERI MBILI, NAMBA MOJA YENYE KUDANGANYA



Kwa garaji watu wanapenda kusema: «Sindano iko kwa 28, mambo ni sawa.» Mimi nasema hapana. Kwa gari lenye bateri mbili, namba moja haitoshi. Sikieni sababu.

Zamani nilipokuwa fundi kijana, basi moja la kupeleka watu kazini lilikataa kuwaka mara tatu katika juma moja. Bateri zake zilikuwa mpya. Tukalisukuma, likawaka, na sindano ikaonyesha volti 28,2. Shoferi akasema: «Alternateri ni nzuri. Mnipe bateri nyingine.» Lakini mzee mmoja wa kazi akachukua voltimetri, akapima kila bateri peke yake, motere ikizunguka. Ya kwanza: 12,3. Ya pili: 15,9. Jumlisheni wenyewe: 28,2!

Namna gani? Bateri mbili za volti 12 zinafungwa moja nyuma ya nyingine ili zitoe 24. Mtu alikuwa amefunga radio ya volti 12 juu ya bateri moja tu, ile ya upande wa shasi. Radio ilikula bateri ile kila siku. Alternateri inaangalia jumla tu. Haijui kama bateri moja ina njaa na mwenzake ameshiba kupita kiasi.

Hapo ndipo hatari. Bateri yenye kujazwa kupita kiasi inachemka, maji yake yanapunguka, na inatoa gazi ya hidrojeni. Gazi hii ikifika sehemu 4 kwa 100 katika hewa, cheche moja ya ufunguo inatosha: bateri inapasuka na asidi inaruka machoni. Siku ile mzee alituamuru kuzima motere, kufungua sanduku na kungoja hewa ipite kabla ya kugusa waya. Tulimcheka. Leo ningali na macho yangu mawili, na simcheki tena.

Basi, kabla ya kuomba bateri mpya, fanyeni hivi:

1. Pimeni kila bateri peke yake. Ikiisha kupumzika usiku mzima, bateri nzima iliyojaa inaonyesha karibu 12,6 au 12,7. Ikionyesha karibu 10,5, mara nyingi seli moja imekufa.

2. Motere ikizunguka, kila moja ionyeshe kati ya 13,8 na 14,4 hivi. Zikiachana sana, tafuteni waya wa mwizi uliofungwa katikati.

3. Vueni pete na saa ya mkono. Vaeni miwani. Fungueni kwanza waya wa shasi. Wakati wa kufunga, uwe wa mwisho.

Wakubwa wa garaji nao wasikie. Shoferi anafunga radio hivyo sababu hakupewa kifaa chenye kushusha 24 kuwa 12. Kumkaripia peke yake si dawa. Mumpe kifaa, kisha mumuulize. Bateri inanunuliwa tena, lakini jicho haliuzwi sokoni.

Na ninyi mama, bateri ya gari yenye kuwasha taa na televisheni nyumbani ni ile ile. Isijazwe katika chumba cha kulala, wala karibu na mbabula au mshumaa. Watoto wasiichezee. Asidi ikiingia jichoni, msingoje baba arudi kazini: osheni kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, kisha mkimbie hospitali.

Kesho asubuhi, mbele ya kuwasha gari, fungua sanduku la bateri, uangalie. Ukiona waya mwembamba umeshika katikati ya bateri mbili, usinyamaze eti ni wa rafiki yako. Mwambie. Rafiki mwenye kunyamaza si rafiki.