Nishati Safi ya Kupikia na Chanzo cha Mabadiliko ya Tabianchi: Mjadala Unaoihusu Arusha

Tangu Mheshimiwa Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan azindue Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia 2024–2034, Mei 8, 2024, lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034 limekuwa likitajwa katika mikutano ya hadhara, vikao vya mabaraza ya madiwani na shughuli za kugawa majiko na mitungi ya gesi. Sambamba na utekelezaji huo umeibuka mjadala ambao katika Jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru una uzito wa pekee, kwa kuwa unagusa msitu, maji na jiko la kila kaya.

Mjadala huo una pande mbili. Upande mmoja husema kwamba mchoma mkaa na mkata kuni ndio walioleta ukame na mvua zisizotabirika. Upande wa pili hujibu kwamba joto la dunia limeletwa na mataifa yenye viwanda vikubwa, hivyo si haki kumtaka mama lishe wa Arusha aache mkaa ili kurekebisha kosa lisilo lake. Kila upande umeshika sehemu ya ukweli. Tatizo ni kwamba maswali mawili tofauti yanajibiwa kana kwamba ni swali moja: nani ameipasha dunia joto, na nani anapata hasara msitu wa Meru unapopungua.

Chanzo cha joto la dunia

Kuhusu swali la kwanza, sayansi haina utata. Jopo la Kiserikali la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, katika tathmini yake iliyokamilika mwaka 2023, lilieleza kuwa katika muongo wa 2011–2020 wastani wa joto la uso wa dunia ulikuwa juu kwa takribani nyuzi 1.1 za Selsiasi ikilinganishwa na miaka ya 1850–1900, na kwamba sababu yake ni shughuli za binadamu. Kati ya gesijoto zote zilizozalishwa mwaka 2019, takribani asilimia 79 zilitokana na sekta za nishati, viwanda, usafirishaji na majengo. Zilizosalia zilitokana na kilimo, misitu na matumizi mengine ya ardhi.

Bara zima la Afrika huchangia takribani asilimia 4 tu ya gesijoto za dunia. Hivyo, kumwambia mkazi wa Arumeru kwamba gunia lake la mkaa ndilo lililobadili tabianchi ya dunia ni kumbebesha mzigo usio wake. Tanzania imeendelea kuusimamia msimamo huo kimataifa, huku yenyewe ikiahidi, katika Mchango wake wa Kitaifa wa mwaka 2021, kupunguza ongezeko la gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, iwapo itawezeshwa kifedha na kiteknolojia.

Suala la wajibu wa nani lina sura ya kisheria pia, na sura hiyo ipo Arusha. Mwezi Mei 2025, Umoja wa Wanasheria wa Afrika uliwasilisha katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake jijini humo, maombi ya kupata maoni ya ushauri kuhusu wajibu wa nchi za Afrika katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Miezi miwili baadaye, Julai 23, 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake ikieleza kuwa mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuilinda tabianchi dhidi ya gesijoto. Kwa hiyo hoja ya haki inayotolewa na wananchi si lawama tupu. Ina mahali pake pa kusikilizwa.

Hasara inayobaki nyumbani

Swali la pili lina jibu jingine. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ndio chanzo cha mito na chemchemi zinazoteremka kuelekea jijini, ikiwemo Themi, Naura na Nduruma. Msitu wa mlimani hunasa ukungu na mvua, huyapa maji muda wa kupenya ardhini na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi. Unapokatwa, maji hayo hayo hushuka kwa kasi wakati wa masika na kukosekana wakati wa kiangazi. Hilo hutokea hata kama mataifa yenye viwanda yangefunga mitambo yao yote leo.

Mlima jirani wa Kilimanjaro unatoa mfano mzuri wa kutochanganya sababu. Utafiti wa Lonnie Thompson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, ulionesha kuwa takribani asilimia 80 ya eneo la barafu lililokuwepo mwaka 1912 lilikuwa limetoweka kufikia mwaka 2000. Wanasayansi wengine, akiwemo Georg Kaser, walisisitiza kwamba ukavu wa hewa na kupungua kwa theluji tangu mwishoni mwa karne ya 19 vimechangia pakubwa, si kupanda kwa joto pekee. Aidha, nafasi ya ukataji wa miti kwenye miteremko imejadiliwa. Fundisho lake ni kwamba badiliko moja linaweza kuwa na sababu za dunia na za mahali, na kila sababu ina mwenye kuishughulikia.

Hali ni hiyo kwa mafuriko. Aprili 12, 2024, katika eneo la Muriet jijini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji ya mvua na wanafunzi wakapoteza maisha. Hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua kubwa huzidi kuwa kubwa. Lakini njia ambayo maji hayo hupita, uoto uliopo juu yake, mifereji na vivuko vyake, ni mambo yanayoamuliwa hapa hapa. Jiji lenye zaidi ya wakazi 600,000 haliwezi kusubiri makubaliano ya dunia ndipo lilinde miteremko inayolizunguka.

Kitaifa, takwimu zinazotumika katika Mkakati zinaonesha kuwa takribani hekta 469,000 za misitu hupotea kila mwaka, na kuwa watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka kwa maradhi yanayohusishwa na moshi wa kuni na mkaa. Wanaouvuta moshi huo kwa saa nyingi zaidi ni wanawake na watoto. Aidha, tanuri la asili la mkaa hutoa takribani kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Nishati kubwa ya mti huishia porini kabla haijafika jikoni.

Njia zilizopo na vikwazo vyake

Serikali imechukua hatua kadhaa. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zilielekezwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukiuza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku ya nusu. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeongeza umeme katika Gridi ya Taifa, na njia ya msongo wa kilovolti 400 inayopita Arusha kuelekea Namanga imeiunganisha gridi hiyo na ile ya Kenya.

Hata hivyo, gesi ya mitungi nayo ni zao la mafuta ya kisukuku. Wanaouliza kwa nini iitwe safi wana hoja. Jibu ni kwamba usafi unaozungumziwa kwanza ni wa hewa ya jikoni, na kwamba gesi inayochukua nafasi ya mkaa wa miti isiyopandwa upya huokoa msitu. Ni daraja la kuvukia, na umeme na bayogesi ndizo ng'ambo ya pili.

Katika bayogesi, Arusha haianzi upya. Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC), kilichoanzishwa mwaka 1981 na chenye makao yake jijini humo, kimeeneza mitambo ya bayogesi tangu miaka ya 1980. Miteremko ya Meru, ambako kaya nyingi hufuga ng'ombe bandani kando ya migomba na kahawa, inaifaa teknolojia hiyo: samadi hutoa gesi, na tope linalobaki hurudi shambani kama mbolea. Kikwazo ni gharama ya ujenzi na uhitaji wa maji ya kila siku. Kwa kaya za mjini, jiko la umeme la presha hupika makande au maharage kwa muda mfupi na umeme kidogo, mradi umeme uwepo wa uhakika.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni namna watu wanavyopata fedha. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kulingana na kipato cha siku. Mtungi hujazwa kwa mkupuo. Kaya iliyopewa mtungi kwa ruzuku inaweza kurudi kwenye mkaa siku gesi inapokwisha. Kwa sababu hiyo, mafanikio ya Mkakati yapimwe kwa idadi ya mitungi inayojazwa tena, siyo iliyogawiwa tu. Huduma za kulipia gesi kadiri inavyotumika na mikopo nafuu ya mitambo ya bayogesi zinastahili kupewa uzito huo huo.

Mwananchi anayedai mataifa makubwa yawajibike ana haki ya kufanya hivyo, na Serikali inaendelea kudai hivyo kwa niaba yake. Mwananchi huyo huyo akiacha mkaa, halipi deni la mtu mwingine. Anailinda chemchemi anayochota maji na mapafu ya watoto wake. Ili aweze kufanya hivyo, nishati mbadala inapaswa kumfikia kwa bei anayoimudu mwezi baada ya mwezi.