Nyumba Njema, Lakini ya Nani?

Watu wengi hupenda kuzitazama nyumba za zamani za mawe walizojengewa wafanyakazi wa viwanda huko Uingereza, nao huzisifu kwa uimara wake. Sisi nasi twazisifu. Lakini twaona kwamba mfanyakazi azitazamapo hana budi kuuliza swali moja zaidi: zilikuwa mali ya nani?

Tuchukue mfano wa Saltaire, kijiji kilicho kando ya mto Aire katika Yorkshire. Titus Salt, tajiri wa sufu, alifungua kiwanda chake hapo mwaka 1853, akauacha mji wa Bradford uliojaa moshi, uchafu na kipindupindu. Mpaka alipofariki mwaka 1876, nyumba zaidi ya 800 zilikuwa zimejengwa kwa mawe, safu kwa safu. Kila nyumba ilikuwa na maji, gesi ya taa, ua na choo chake. Kwa watu waliozoea kusongamana chumba kimoja na kunywa maji machafu, hilo halikuwa jambo dogo, wala mpenda haki hawezi kulidharau.

Walakini mawe yenyewe yasema. Nyumba ya msimamizi ilijengwa kubwa, yenye kibustani mbele. Mlango wa mfanyakazi wa kawaida ulifunguka moja kwa moja njiani. Cheo cha mtu kilisomeka ukutani. Kilabu cha pombe hakikuruhusiwa, na njia zilipewa majina ya watoto wa tajiri. Mfumaji alilipa kodi miaka nenda miaka rudi, wala kodi hiyo haikumpa hata jiwe moja. Mwaka 1933 nyumba hizo ziliuzwa kwa kampuni ya majumba. Kiwanda kilifungwa mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikakitia kijiji hicho katika Urithi wa Dunia.

Hatusemi kwamba Salt alikuwa mtu mbaya. Matajiri wengi wa siku zake hawakuwajengea watu wao hata kibanda. Twasema tu kwamba hisani si haki. Hisani hutolewa na mmoja, naye aweza kuiondoa. Haki hushikwa na wengi kwa umoja wao. Wazee walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Basi wafanyakazi wadaipo nyumba imara, na wadai pia sauti katika kuzimiliki.