Kudesa msimbo: hasara anabeba nani?

Waungwana, leo tuzungumzie kudesa. Siyo kule kwa chumba cha mtihani, huko tulishatoka salama. Nasema kudesa kwa watengeneza programu wetu, tena mchana kweupe na bila msimamizi.

Kwa wasio wa fani: programu ni maagizo yaliyoandikwa, na maandishi hayo ndiyo msimbo. Katika lugha za skripti kama Python (1991), PHP na JavaScript (zote mbili 1995), msimbo ni maandishi ya kawaida tu. Unafungua faili, unakopi mistari arobaini, unaibandika kwenye faili jingine, ukurasa unafanya kazi. Rahisi mno, na tatizo linaanzia hapo hapo.

Watu wa Rungwe hawahitaji digrii kulielewa hili. Shamba la migomba halianzi kwa mbegu. Unachimba chipukizi kwa jirani, unapanda kwako. Kama shina mama lina mnyauko, umebeba na mnyauko. Kosa la msimbo nalo husafiri na nakala. Unalitibu kwenye faili moja, mengine kumi yanabaki yanaumwa.

Mnataka mifano? Julai 2009 kodi ya ongezeko la thamani ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18. Programu yenye kiwango hicho mahali pamoja ilihitaji kubadilishwa namba moja tu. Yenye 20 iliyotawanywa kwenye risiti, ankara na ripoti ilihitaji msako wa nyumba kwa nyumba.

Au orodha ya mikoa, ambayo hudeswa kutoka fomu hadi fomu. Mwaka 2012 walizaliwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, tukatoka mikoa 26 hadi 30. Mwaka 2016 Mbeya ikakatwa, Songwe ikawa wa 31. Rungwe tulibaki Mbeya, lakini mtu wa Tunduma akikutana na nakala iliyosahaulika, bado anahesabiwa kuwa wa kwetu.

Wala siyo ugonjwa wa Kibongo. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulichambua mafaili milioni 428 kutoka GitHub, ghala kubwa la msimbo duniani. Yasiyo nakala yalikuwa milioni 85 tu, na JavaScript ndiyo iliyoongoza kwa kurudiwa.

Najua utetezi wenu. Mteja anataka kazi kesho, malipo yenyewe kiduchu. Sawa, na nakala moja siyo dhambi. Hata Martin Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu kusafisha msimbo, anaruhusu kuvumilia marudio ya pili. Ya tatu ndiyo unakusanya. PHP yenyewe inakuruhusu kuweka hesabu kwenye faili moja, kurasa zote zikaliita. Ni kazi ya saa chache.

Kinachoniuma ni anayelipa. Chukulia chama cha wakulima wa chai kimenunua programu. Hesabu ni ile ile: kilo mara bei, toa mbolea, toa mkopo. Mtengenezaji kaidesa mara tatu: kwenye stakabadhi, kwenye malipo ya mwezi na kwenye ripoti ya mkutano mkuu. Bei inapanda, faili moja linasahaulika. Mama aliyeamka alfajiri kuchuma majani kwenye mvua ya Tukuyu anashika karatasi mbili zenye hela tofauti. Hatasema msimbo umedeswa. Atasema katibu kaiba. Na katibu wa watu atajitetea kwa lipi? Kompyuta ilisema! Chama kinavunjika kwa mistari arobaini ambayo mkutano mzima hauijui.

Ndiyo maana sitaki suala hili waachiwe mafundi peke yao. Viongozi wa vyama, halmashauri, wenye maduka: kabla hamjalipa, ulizeni swali moja tu. Bei ikibadilika kesho, utagusa mafaili mangapi? Akisema moja, mwambieni awaonyeshe, kisha mlipeni haki yake bila kumzungusha. Akianza kuhesabu vidole, mrudisheni akamalize kazi.

Mafundi, msininunie. Mwenye hoja ya kunipinga anipinge, ila aje na yake, asidese.