Mchoraji Asiye na Cheti

Nina neno kuhusu vijana wetu wa Sigowet, hapa katika nchi ya majani chai, wenye kipaji cha kuchora. Mtoto akiitwa chuo kikuu tunachinja mbuzi na kuita harambee. Akiketi nje ya duka na makaa na kipande cha kadibodi, tunamwuliza mchezo huo ataacha lini.

Tazameni habari za Jak Katarikawe. Alizaliwa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, na shule hakuipata. Kazi yake ilikuwa udereva. Mwalimu mmoja wa Makerere aliyemwajiri, David Cook, aliiona michoro yake asiipuuze, na mchoraji Sam Ntiro akamshika mkono. Baadaye Katarikawe alihamia Nairobi, akazeeka akipaka rangi mpaka alipofariki mwaka 2018. Alipenda sana kuchora ng'ombe, ng'ombe wenye mapenzi na wivu kama watu. Sisi Wakipsigis, tunaowaita ng'ombe wetu kwa majina, tungekuwa wa mwisho kumcheka.

Lakini msiondoke hapo mkisema kipaji hujitafutia njia chenyewe. Hakijitafutii! Dereva yule alijifunza kuchora mwenyewe, ila mlango alifunguliwa na watu. Edward Saidi Tingatinga naye, mwana wa Tunduru aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari. Mkewe Agatha ndiye aliyeziuza picha zake. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu! Hata hivyo alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu zake, na mwaka 1990 waliofuata nyayo zake wakaunda ushirika wenye jina lake.

Hata hapa kwetu mikono ipo. Mama anayetengeneza kibuyu cha maziwa ya mursik hukikausha, hukitoa mbegu, hukisugua ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, kisha hukipamba kwa ngozi na shanga. Nani alimpa cheti? Alifundishwa na mamaye, na macho yake yakamalizia. Nasi tukimkuta sokoni tunamkata bei hadi nusu, halafu tunaenda kununua jagi la plastiki bila kubisha hata shilingi. Hilo ni jambo la aibu, nami silisemi kwa mafumbo.

Mtaniambia kwamba picha hailishi kama chai. Ni kweli, hailishi upesi, na anayemwahidi kijana utajiri wa haraka anamdanganya. Ila chai nayo mnaijua. Bonasi hupanda na kushuka bila kutuuliza, na mashine za kuchuma zimechukua kazi ya mikono mingi kiasi kwamba Mei 2023 baadhi yake zilichomwa moto katika maandamano hapa Kericho. Familia yenye ufundi wa pili nyumbani ina pa kushika mwaka wa chai mbaya.

Serikali imefanya sehemu yake kwa kuweka sanaa na michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya Gredi ya 10. Vyema. Lakini mkondo huo ni wa watoto walio darasani. Mzee anayechonga vigoda na kijana aliyeacha shule akaandika mabango ya maduka hawatapata gredi yoyote, na hao wanatutegemea sisi.

Kwa hiyo nawageukia wenye hoteli, wakuu wa shule na wakurugenzi wa viwanda vya chai. Kuta zenu zimejaa kalenda za mbolea. Ondoeni moja, mtundike picha ya mchoraji wa hapa Sigowet, mliyoinunua kwa bei aliyoitaja yeye mwenyewe.